Nyumba ya Saba

Mpaka leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi, moyo hunienda mbio. Kwetu Kisimani, kitaa cha nyumba kumi na moja ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, kuta zilipakwa chokaa kwa ajili ya harusi, na harusi ninayoisema ni ya dada yangu, miaka ya tisini mwanzoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa na makalio yasiyojua kutulia.

Kisima chenyewe kilikauka kabla mama hajazaliwa, lakini watu wa Kisimani walijiona wao ndio Mombasa, na wengine wote, kuanzia Bondeni hadi Kizingo, ni wageni waliokaribishwa. Walikuwa na maringo, jamani! Kadi za mwaliko walizicheka. Mtu alialikwa kwa mdomo, mlangoni kwake, na kwa utaratibu: nyumba iliyojengwa mwanzo ndiyo ya mwanzo kupigiwa hodi. Walianza washona kofia, wakafuata wauza kahawa, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Kumruka mtu ilikuwa ni kumwambia kwamba hayumo mtaani.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Bi Zuhura, aliyempokea mama alipokuja hapo bibi harusi mgeni, akamfundisha hata kupaka samaki nazi. Yeye ndiye aliyejua nani alijenga wapi na nani aligombana na nani kwa sababu ya dirisha. Ukipiga hodi kwake, huondoki kabla hajakusimulia mtaa mzima tangu jiwe la kwanza.

Nami siku hiyo nilikuwa na haraka zangu. Mama alinituma kualika, na kwa wauza kahawa kulikuwa na deki ya video, mkanda wa Kihindi ulikuwa uanze saa kumi. Nilipofika nyumba ya saba nikapita mbio kwenda ya nane. Bi Zuhura alitoa kichwa dirishani.

“We Salma! Wendapi na mbio zote hizo?”

“Narudi, Bi!” nikasema.

Sikurudi. Niliutazama ule mkanda mpaka mwisho, nikalia na waliolia, nikasahau kabisa.

Siku ya harusi nikakumbuka, nilipomwona mama akichungulia mlangoni kila mara. Nilikaa, nikasimama, nikaenda chooni mara sita. Bi Zuhura hakuja.

Kesho yake mama alinishika mkono tukaenda kwake. Bakora ya mama naijua mwenyewe.

“Dada, nimekukosea nini?” mama akamuuliza. “Au mtoto hakukualika?”

Bi Zuhura akaniangalia.

“Alinialika, mbona. Sikujisikia kutoka tu.”

Si ugonjwa, si msiba, hakujisikia tu! Mama aliumia vibaya. Tangu siku hiyo sahani za futari hazikwenda tena nyumba ya saba, wala mama hakukanyaga kule. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiona nimeponea chupuchupu.

Bi Zuhura amefariki juzi juzi, mimi nina watoto wangu. Mama alikwenda mazikoni, akakaa karibu na mlango kama mpita njia. Aliporudi nikamwambia yote. Alikaa, mtandio bado kichwani.

“Miaka yote hiyo,” akasema, “nampita nikigeuza uso.”

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Nilidhani Bi Zuhura aliniokoa na bakora, basi. Sikujua kuwa bakora ile aliilipia kwa kumpoteza mama, shoga yake wa pekee. Na kila asubuhi nilipopita kwenda chuoni kusoma Kurani, alikuwa pale dirishani akiniuliza, “Salma, huna neno?” Mimi nilijibu, “Sina, Bi,” nikaongeza mwendo. Alikuwa akinipa nafasi ya kusema kweli. Alinipa kila siku, mpaka nikaolewa.