Pampu ya Mita Tisa

Ipo siku moja ninayoikumbuka bila kutaka, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kufundisha vijana wanaotaka kuwa mainjinia, heri uisikie kwangu kuliko kwa watu wa Likasi. Wao wataisimulia vizuri zaidi, na mimi nitaonekana mjinga zaidi.

Zilikuwa enzi zile za kuitana citoyen, yaani raia, badala ya bwana. Nilikuwa kijana, msaidizi wa profesa katika chuo kimoja cha ufundi, na abakosti yangu moja, lile koti la enzi hizo lisilovaliwa na tai, niliipiga pasi mpaka ikang'aa viwikoni. Nilifundisha mambo ya maji na pampu. Kufundisha kwangu kulikuwa kusoma daftari kwa Kifaransa, kila sentensi mara mbili, wao waandike. Daftari lenyewe nililinakili kutoka kitabu cha Ulaya. Aliyeuliza swali nilimwona hana adabu.

Darasani alikuwamo msichana mmoja tu, Ngoie. Alikuwa anarudia mwaka, na sheria ilikuwa wazi: akianguka tena, anatoka. Baada ya masomo yeye na wenzake wanne walikaa uani, wakachora chini kwa kijiti na kubishana kwa Kiswahili. Mmoja anaeleza, wengine wanambana. Hawainuki mpaka yule mzito wa kuelewa kuliko wote aweze kueleza mwenyewe. Niliwatawanya mara mbili, nikisema hizo ni kelele za sokoni. Kusema kweli niliwaonea wivu, maana kwangu walisinzia, na pale uani walikuwa macho.

Ukaja mtihani. Nikachukua swali la kitabuni: pampu imewekwa mita tisa juu ya maji ya shimo la mgodi, je, itayavuta? Jibu la kitabu lilikuwa ndiyo. Ili swali lionekane langu, nikaongeza neno moja, jina la mji wetu: Likasi. Shimo liko Likasi. Darasa zima likaandika ndiyo, isipokuwa wale watano. Wao waliandika hapana, na hesabu zao zilifanana. Sikuzisoma. Nikasema watu watano wakikosea kosa moja, basi wamenakiliana, nikawapa sifuri wote na kulitangaza jambo hilo mbele ya darasa.

Ngoie akanifuata mpaka mlangoni, karatasi yake mkononi.

"Citoyen assistant, utuulize moya moya. Kila muntu ataeleza yake. Mwenye atashindwa, umupe zero."

"Nimeshaona," nikamjibu. "Nenda."

Siku mbili baadaye alikuja fundi wa pampu kutoka kiwandani, mzee aliyeishia darasa la nne, kututengenezea pampu ya maabara. Nikamsomea swali langu na majibu ya wale watano, ili tuwacheke pamoja. Hakucheka.

"Mita tisa? Apana, mwana. Ile kitabu baliandikia ku Bulaya, karibu na bahari. Huku tuko juu, hewa iko kidogo, haiwezi kusukuma mayi mpaka pale. Weye mwenyewe uliandika Likasi."

Nikarudi kwenye zile karatasi. Kila mmoja alikuwa ameandika, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba Likasi iko juu na hewa yake ni nyepesi.

Na bado nilikuwa na nafasi, mwanangu, hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Walimu tulipokutana kuamua nani anapita, mwenyekiti aliniuliza, "Huyu Ngoie?" Nikalifikiria darasa likisikia kwamba nimesahihishwa na msichana anayerudia mwaka. Nikasema, "Alinakili." Wale wanne waliruhusiwa kurudia mtihani, wakapita. Yeye akafukuzwa.

Ilinichukua miaka mingi kwenda kwake. Nilimkuta uani, wanawe na watoto wa jirani wamezunguka kibao kimoja wakibishana hesabu, na yeye anawaambia, "Umueleze mwenzako kwanza." Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Basi tulikuwa tumepata?"

"Mlikuwa mmepata."

"Na ulijua kabla banifukuze?"

"Nilijua."

Akatazama chini. "Miye nilifikiri jibu yetu ilikuwa mubaya, na ni miye nilipoteza bale benzangu. Miaka yote hii nikibaona ku njia, nakata kona juu ya haya."

Haya ile ilikuwa yangu. Nilimwachia yeye aishi nayo.

Kwa hiyo Jumatatu geuza madawati watazamane. Waache wabishane kwa lugha wanayootea ndoto; Kifaransa kitafuata. Halafu mtake kila mmoja aeleze kazi ya kundi lake, hapo utajua nani anajua na nani amebebwa. Wakikubaliana wote kinyume chako, soma hesabu zao kabla hujashika kalamu nyekundu. Na ukijua umekosea usilale nalo, wala usingoje miaka ndipo ukalisemee uani kwa mtu.

Mungu akupe wanafunzi wasiokuogopa, mwanangu. Akujalie kinywa chepesi cha kusema "mmepata ninyi, nimekosa mimi", na ulitamke wao wakiwa bado wamekaa mbele yako. Mimi nililisema, lakini darasa lilikuwa limekwisha ondoka.