Pipa la Maimu Halitoki

Udongo wa kaburi la Heino ulikuwa bado haujashikana, na tayari mjane wake, Maimu, alikuwa amenyang'anywa pipa. Si kwa mikono, bali kwa maneno. Kijijini Leesiotsa, kisiwani Saaremaa, mwaka wa marehemu ukitimia wageni hunywa pombe ya shayiri iliyopikwa nyumbani kwake. Heino aliipika maisha yake yote, mlango wa kibanda ukiwa umefungwa. Kazi ya mkewe ilikuwa kuchota maji na kukata matawi ya mreteni ya kuchujia pombe, basi.

"Shemeji, mwaka wa Heino tutaufanyia kwangu," alitangaza Arvo, kaka wa marehemu. "Pipa ni mambo ya wanaume. Wewe tukaangie samaki."

"Samaki nitakaanga. Na pombe nitapika."

"Wewe? Si utawanywesha watu maji ya kufulia soksi!"

Wanaume waliokuwa matangani wakaangua kicheko. Hakuna hata mmoja aliyemwambia lile ambalo wote walilijua: pombe iliyokwisha kuchacha hutambulikaje.

Mwaka ulipokaribia kutimia, akapika. Povu likafura hadi mdomoni mwa pipa, kisha likashuka. Akatega sikio kwenye mbao: kimya. Akadhani imeiva, akaleta chupa. Kabla ya kuzijaza akaonja, na ulimi ukakuta utamu wa uji wa kimea. Akaweka kiganja ubavuni mwa pipa. Lilikuwa baridi kama jiwe la ufukweni. Chachu haikuwa imemaliza kazi, ilikuwa imelala. Angeziba chupa zile, zingempasukia.

Akaliburuta pipa hadi jikoni kwa kigari cha kuni, akalifunika kwa koti la Heino la ngozi ya kondoo. Kulipokucha, pipa lilikuwa likinong'ona. Tangu mazishi, hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza nyumbani humo isiyokuwa yake mwenyewe. Akawa anamenya viazi karibu nalo. Kila asubuhi alionja, na kila asubuhi utamu ulipungua, naye akajikuta akiomba usiishe upesi.

Hatimaye onjo la leo likawa sawa na la jana, na la kesho yake likawa vilevile: kavu, chungu kidogo, machicha yametulia chini. Imekwisha. Nyumba ikarudia ububu wake.

Arvo akaingia bila hodi. Akanywa, akaongeza.

"Nani kakufundisha?"

"Ulimi wangu."

"Haya, nalileta gari, tuipeleke kwangu. Tutasema nimepika mimi, usije ukaaibika."

"Haitoki, shemeji. Wanywaji waifuate ilipo."

"Waje kufanya nini, kukutazama ukilia?"

Siku ilipofika, magari yalipita mlangoni pake bila kupunguza mwendo, yakaelekea kwa Arvo. Samaki walipoa mezani. Maimu alijimiminia kikombe kimoja, akakinywa peke yake mbele ya kiti cha Heino.

Wanaume wa Leesiotsa, na wewe Arvo kwanza kabisa: marehemu hakuwa na nyumba mbili. Nendeni leo kwa Maimu, mbishe hodi, mwombeni radhi, mnywe pombe ya ndugu yenu pale ilipopikwa. Mkirudi makwenu, fungueni vibanda vyenu, muwaite wake zenu na binti zenu, muwafundishe yote mliyomnyima yeye.