Mpishi wa Frere Town aliyeshindwa kuonja kuku wake

Saa saba kasoro, mchana wa Jumapili, Tsuma Kai anatoka jikoni amebeba sufuria ya kuku wa nazi, kitambaa begani, na meza nzima inamshangilia. Wateja wa hoteli hii ya Frere Town wanajua kinachofuata. Wengine wamekuja kwa ajili yake tu.

Kwa Mwikali, kama hoteli inavyoitwa, hakuna bei wala majina ya vyakula ukutani. Kilichovunwa asubuhi katika shamba la mwenyewe kule Mishomoroni ndicho kinacholiwa mchana: kisamvu, mchicha, mtsunga, ile mboga chungu, na kuku waliokuwa wakiparua mchanga jana jioni. Meza ni moja, ndefu, mnakaa mlivyokuja. Na hakuna anayegusa chakula mpaka mpishi aseme kimetoka wapi, kisha ale tonge la kwanza mbele ya watu.

Mwikali, mwenye hoteli, ni mzaliwa wa Makueni. Desturi hiyo aliidokoa kwa wagema wa huku pwani, ambao humimina pombe ya mnazi wakainywa wao kwanza ili mgeni aondokwe na wasiwasi. Wateja waliipenda mno, na siku hizi Jumapili usipowahi unakula umesimama.

Basi Tsuma anatua sufuria. Anasema kuku ni wa shambani, nazi ni ya shambani, na mtsunga ameuchuma kwa mikono yake alfajiri. Anamega tonge la sima, analichovya kwenye mchuzi. Mkono ukiwa njiani kwenda kinywani, anainua macho na kumwona mama mkwe wake.

Bi Kafedha Mweri, mama mzazi wa mkewe Eddah, ameketi katikati ya akina mama wa kanisa kutoka Kaloleni, wote na vitambaa vyeupe kichwani. Walikuja Kisauni kwa mkutano, mwenyeji wao akawaleta hapa kula. Hakuna aliyemwambia Tsuma.

Mtu wa bara atauliza, sasa hapo kuna nini? Kuna mengi. Kwa jinsi Tsuma alivyolelewa, mwanamume hali mbele ya mama wa mkewe. Hata wakikutana njiani hupishana kwa heshima, macho chini. Kumtafunia usoni, tena akiwa na wenzake, ni sawa na kumvua nguo hadharani.

Na hiyo ni nusu tu ya balaa. Nusu ya pili aliizua mwenyewe, kwani kwa mama mkwe Tsuma si mpishi. Ni mfanyakazi wa kiwanda cha Changamwe.

Kiwandani alifanya kazi kweli, miaka kumi na mmoja, kwenye mashine ya kushona magunia. Kilipofungwa alihangaika huku na kule, mpaka Mwikali akamchukua aoshe vyombo, na haikupita muda akagundua kwamba mwosha vyombo wake anapika kuliko wapishi. Leo, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, analipwa shilingi elfu moja kwa siku na kazi yake anaipenda. Kusema kwa wakwe ndiko kulikomshinda.

"Siku ya posa wajomba zangu walinisifu mpaka nikaona haya," anasimulia. "Kijana wa kiwandani, ana kadi shingoni. Sasa nirudi niseme siku hizi nakuna nazi? Nikamwomba mke wangu tunyamaze kidogo. Kidogo ikawa miaka miwili."

Mbele ya watu wote, Tsuma analirudisha tonge sahanini. Anageuka, anaingia jikoni na kusimama nyuma ya mlango.

Kisha Nicanor, dereva wa lori na mteja wa kila Jumapili, anasukuma sahani yake taratibu. Anasema kwa sauti ya kusikika kwamba mpishi akikimbia chakula chake mwenyewe, yeye hana njaa kiasi hicho. Mama mmoja anamnyang'anya mtoto wake kijiko. Watu wawili wanainuka kuondoka.

Mwikali anamfuata mpishi wake mbio. Habari za mkwe hazijui. Anachojua ni kwamba jina alilolijenga kwa jasho linamwagika mbele ya macho yake. Anamuuliza kama kuna kitu kimeingia chakulani, Tsuma anaapa hakuna. Anamuuliza basi mbona hali, Tsuma anakodolea jiko macho.

"Wanadhani umewatilia kitu," Mwikali anamwambia. "Toka ule, Tsuma, ama toka uwaambie kwa nini huli."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka. "Nikila, nimemvunjia mama heshima. Nisipokula, nimemwangusha mtu aliyeniokota. Na vyovyote vile, ameshaniona na aproni."

Katika meza ile, aliyeelewa kilichomkimbiza mpishi ni mmoja. Bi Kafedha anasimama. Anakizungusha kiti chake mpaka kinatazama ukuta, anaketi, anajifunika leso gubigubi. Wenzake wa Kaloleni wanatazamana, nao wanainamisha nyuso, mmoja baada ya mwingine.

Tsuma anaona hayo kutoka mlangoni, anatoka. Anakula amesimama, machozi yakimlengalenga. Nicanor anairudisha sahani yake. Meza inaanza kula, na Bi Kafedha anapelekewa sahani pale pale, anakula akiuangalia ukuta.

"Afadhali angenitukana," anasema Tsuma. "Mzee wa watu ageukie ukuta kama mtoto aliyekosa, na mkosaji ni mimi. Mpaka leo nikikikumbuka kile kiti, nasikia vibaya mwili mzima."

Mwikali alipoelezwa baadaye alishika kichwa. Sasa ametoa amri kwamba kabla ya sufuria kutoka, mpishi achungulie kwanza mlangoni, na akiona mkwe, mwenye hoteli ndiye atakayeonja.

Jioni ile Bi Kafedha alimpigia simu binti yake. Alisema kuku alikuwa mtamu na kwamba alishiba. Kisha akauliza kiwanda kilifungwa lini. Eddah hakuwa na la kuficha tena, akamweleza.

Kumbe kwa miaka yote miwili, kila Jumapili, Bi Kafedha amekuwa akisimama kanisani kwao kuomba waumini wakiombee kiwanda cha Changamwe, kwa kuwa ndicho kinachomlishia binti na wajukuu. Kanisa zima limekuwa likipiga magoti kwa ajili ya jengo lililofungwa kufuli.

Akifika hapo Tsuma huvuta mbuzi yake ya kukunia, akashika kifuu cha nazi. Haoni haya tena kupika, anasema. Kinachomla ni zile sala.

Ameomba ruhusa ya Jumapili moja mwezi ujao, ya kwanza tangu aajiriwe, na Mwikali amekubali. Atakwenda Kaloleni pamoja na Eddah. Ameshamtuma mjomba wake kwa wazee wa kanisa amwombee dakika chache za kusema, na jibu limerudi kwamba atapewa.

"Nitawaambia kiwanda hakipo, na aliyedanganya ni mimi, si mama," anasema, macho kwenye nazi anayoikuna. "Kisha nitawasihi, kama bado wananitaka, sasa waliombee jiko langu."