Shomoro Aendaye Kiotani kwa Miguu

Miaka ya hamsini, nikiwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, mume wangu alinitoa Tanga mjini akanipeleka Mwera kwa mama yake, nikamsaidie kuamia ndege kwenye mpunga. Mwenyewe alirudi kwenye kazi yake bandarini. Lakini kabla hajaondoka alininong'oneza jingine: nimchunguze mama, maana alimshuku macho. Ikiwa haoni tena, shamba watapewa jamaa, nyumba itafungwa, naye atahamia kwetu mjini, nami nirudi naye. Na mimi mjini ndiko nilikokutaka. Msinilaumu, nilizaliwa Tanga, matope ya mpunga sikuyajua, na hasira zangu zilikuwa za mkizi.

Basi nikawa jasusi. Mama mkwe alipanda dunguni, kile kijukwaa cha miti cha kuamia shamba, tangu alfajiri, kombeo mkononi, na chiriku wakitua tu, upande wowote, jiwe limeshafika. Siku tatu nzima sikupata la kumshtaki. Siku ya nne nikakiona kindege cha kahawia kimesimama juu ya unyasi, hatua chache tu kutoka dunguni, kinalialia, na mama hana habari nacho. Loo, nilifurahi! Nikaokota bonge la udongo.

"Muache huyo," akasema, wala hakugeuza kichwa. "Huyo si mwizi."

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusuka ukili. Chiriku huja kundi zima na kuning'inia kwenye masuke; huyu huja peke yake, au na mwenziwe, na mpunga hana haja nao, chakula chake panzi. Utamjua kwa michirizi myeusi mgongoni, mkia mfupi, na njano kidogo juu ya jicho. Sauti yake nyembamba, usiposikiliza vizuri utasema ni nyenje. Yeye alimwita shomoro wa nyasini, jina jingine hakuwa nalo. Na kiota chake, akasema, watu hawakioni kwa sababu hatui kiotani. Hutua mbali, kisha hupita chini ya nyasi kwa miguu mpaka kwake.

Ndege mwenye mbawa atembee kwa miguu kwenda kwake? Sikuamini hata kidogo. Nikaingia nyasini, nikapekua pale pale alipotua, nikarudi mikono mitupu na upupu juu yake, nikajikuna mpaka magharibi. Mama alicheka, lakini alinipaka majivu.

Kesho yake nikachuchumaa kimya. Yule ndege alipotua sikumfuata, nilitazama nyasi tu, zikitikisika kidogo kidogo, mpaka ziliposimama. Nikaenda polepole. Kiota kilikuwepo chini kabisa, kikombe cha majani makavu, na ndani yake mayai manne yenye madoa. Sikugusa kitu. Nikamkimbilia mama kumwambia, naye akafurahi hata akanishika mkono.

"Ile njano yake ipo bado?" akaniuliza. "Siku hizi namsikia tu."

Ndipo nilipoelewa. Mawe yale yote alikuwa akiyatupa kwa masikio. Ushahidi niliokuwa nikiutafuta alinipa mwenyewe, na mkono wangu umo ndani ya mkono wake. Nilimpenda saa ile ile, sina maneno mengine ya kulisema hilo. Nikamwambia njano ipo, tena imekoza.

Ijumaa mume wangu akaja. Alimwamkia mama shikamoo, tukala, kisha akanivuta nyuma ya jiko. Mama alikuwa ndani akipepeta mchele.

"Haya, niambie. Mama anaona?"

Ungo ukanyamaza. Mjini alikuwako mama yangu mzazi, walikuwako dada zangu, maji ya bomba, harusi za kila wiki. Neno moja tu na ningelala huko kesho.

"Anaona kuliko mimi," nikasema. "Juzi kanionyesha kiota ambacho mimi nilikipita."

Akashusha pumzi. Akasema basi shamba libaki kwa mama, ila amezeeka, hafai kuachwa peke yake, kwa hiyo mimi nikae naye. Sikumuuliza mpaka lini. Ungo ukaanza tena.

Alipokwisha kuondoka, mama alitoka jikoni akakaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Umejifunga mwenyewe, mwanangu," akasema.

"Najua, mama."

Akaniuliza kama nalia. Nikamwambia silii. Akanyoosha mkono, akanipapasa uso, akanifuta shavu moja, kisha la pili.