Buni za Dada

Nikisikia harufu ya kahawa iliyomenywa, hasira hunipanda palepale. Shuleni kule Masama, tulikosoma darasa moja, dada yangu alifanya hesabu za kugawanya kwa kupanga buni za kahawa kwenye dawati, na hakuwa akikosea. Siku moja mwalimu akazipangusa zote, zikamwagika sakafuni.

"Hesabu ni kichwani! Wewe ni buni inayoelea majini, ya kutupwa!"

Darasa zima likacheka. Nikasimama: "Mwalimu, si umrudishie buni zake uone kama atakosea!"

Nikachapwa. Njiani dada akaniambia, "Acha kunipigania, mdogo wangu. Mwalimu ndiye anajua."

Hakurudi tena shule. Juzi mwanawe kamletea daftari la hesabu, naye hata hakulifungua.

"Mpelekee mamdogo," akamwambia, akinionyesha mimi kwa kidole. "Mimi sina akili."