Kijiko cha Pili

Harufu ya sambaza wanaokaushwa juu ya moto mdogo wa makaa hunisimamisha popote nilipo. Ni harufu kali, ya ziwa na chumvi na moshi, na wageni wengi huziba pua. Mimi huivuta. Hapo hapo nauona ua wetu wa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, na mama yangu ameinama juu ya jiko, akiwageuza samaki wale wadogo kwa vidole vitupu kana kwamba moto ndio uliomwogopa yeye.

Mama alizaliwa Butembo, kwetu Wanande, kwenye udongo ambao mbegu ikianguka yenyewe inaota. Goma alikuta mawe. Ua wetu wote ulikuwa lava nyeusi ya volkano, yenye makali ya kukata nyayo. Basi alibeba udongo mgongoni, gunia kwa gunia, akaumwaga kwenye mianya ya mawe na kupanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Majirani walicheka sana. Mvua iliponyesha, mawe yakafunikwa na majani mabichi, na wale wale waliocheka wakaja na vikapu kuomba.

Kwake yeye kula kulikuwa sehemu ya sala. Maneno ya Mtume Paulo kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu aliyachukua kama yalivyo, kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa kanisa na kuambiwa afagie kila siku. Watoto wa jirani walikunywa soda Jumapili, zile tulizoziita sukre. Sisi tulipewa maji yaliyochemshwa, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, na lengalenga. Nikilalamika, aliniuliza, "Masika, utamukaribisha Mungu mu nyumba yenye kujaa takataka?" Papa, baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori la Butembo, alinikonyeza na kusema kwamba hata mbinguni, kwa jinsi anavyomjua mke wake, tutapokewa mlangoni na sahani ya lengalenga.

Kisha vita vikasogea tena. Barabara ilifungwa, Papa akakwama Butembo na lori lake, na watu wa Masisi wakaanza kushuka kwa miguu, na magodoro vichwani, mpaka kambi ya wakimbizi ya Mugunga, nje ya mji. Kutoka kambini walikuja mjini kutafuta kazi za kufua na kuteka maji. Ndivyo alivyofika kwetu mwanamke kijana, mwembamba, aliyezungumza Kinyarwanda na Kiswahili kidogo. Mume wake alikuwa amebaki njiani. Alivyolitamka neno hilo "amebaki", hakuna aliyeuliza zaidi. Mgongoni alimbeba mwanawe, Bahati.

Mama aliitazama miguu ya mtoto yule kabla ya kuutazama uso. Ilikuwa imevimba, inang'aa kama puto. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Hakulia wala hakugeuza macho nzi alipotua. Nilikuwa sijawahi kumwona mtoto asiyetaka kitu chochote, nikaogopa.

Kufua hakukufanyika siku hiyo. Mama aliwapeleka kituo cha afya, wakapewa maziwa ya dawa, na kwa siku kadhaa uvimbe ukaanza kupungua. Lakini mapigano yakazuia magari, na maziwa yakaisha kituoni. Muuguzi akamwambia Mama asikate tamaa: amtengenezee uji wa mahindi, soya na sambaza waliosagwa laini, ampe kidogo kidogo, mara nyingi, na akizidiwa amrudishe mara moja.

Ilikuwa Kwaresima. Jioni Mama alitukalisha chini, mimi na wadogo zangu, akatuambia kwamba mwaka huo hatungeacha nyama, maana nyama yenyewe hatukuwa nayo. Tungeacha sambaza na mayai, viende kwa Bahati. "Batu wengine wanafunga ili Mungu aone njaa yao," alisema. "Siye tutafunga ili mutoto akule." Mdogo wangu aliuliza kama Mungu angetuletea sukre Pasaka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho.

Jirani yetu mmoja alipopata habari alisimama kwenye mlango wa ua. "Mama Masika, unajitafutia mambo. Ule mutoto akifa mu mikono yako, batasema Munande amemuua."

"Na akifa kwa mulango yangu bila kula," Mama akamjibu, "Mungu ndiye atasema nini?"

Asubuhi iliyofuata alipika. Alikaanga soya mpaka ikanukia kama karanga, akaisaga na mahindi, akawatwanga sambaza wawe unga, akachuja mara mbili. Uji ulipoiva aliuwekea kiganja juu, ndani ya mvuke, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akamkaribisha Mama Bahati kwenye kiti.

Mama Bahati aliutazama uji. Akamkumbatia mtoto na kumgeuzia upande wa pili.

"Nisamehe, mama. Siwezi."

"Utamuacha na njaa?"

"Kule tulitoka, batu walikufa juu ya chakula ya kupewa." Alisema polepole, akitafuta kila neno. "Na waliowapa walikuwa wanacheka nao."

Nilitegemea Mama akasirike. Alichota kijiko, akala. Mama Bahati hakusogea. Huenda alikuwa amewahi kuona hata hilo, mtu akila kwanza. Hapo Mama akaniita.

"Masika, kuya. Ikala hapa."

Alinifanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akachota kijiko cha pili, akanilisha. Sijui niseme nini kuhusu utamu ule. Nilikuwa nimejua sitaonja sambaza tena mpaka Pasaka. Nilimeza, nikalamba midomo, nikauliza kama naweza kuongezewa. Mama akasema hapana.

Tukakaa. Mama akaanza kuzungumza mambo ya kawaida kabisa, jinsi ya kupanda lengalenga kwenye mawe, jinsi ya kuzuia kuku. Jua lilitoka kwenye ukuta wa lava, likafika miguuni petu. Mama Bahati hakuwa akisikiliza. Alikuwa akinitazama mimi, macho, mikono, tumbo, kama mtu anayesoma. Mimi nilichezesha vidole vya miguu na kufikiria uji.

Kisha akanyoosha mkono. Alichukua kijiko yeye mwenyewe, akachota kidogo sana, akakipeleka kwenye midomo ya mwanawe.

Bahati alimeza. Akapewa tena, akameza. Wiki zikapita hivyo, vijiko vichache kwa wakati, na asubuhi moja, kabla mama yake hajashika bakuli, mkono mdogo ukatoka ndani ya kitenge ukakivuta kijiko. Alikunja uso kwa kucheleweshewa, akalia kwa hasira, sauti ya kwanza niliyomsikia akiitoa. Wanawake wawili wakaangaliana. Mama akapiga magoti pale pale juu ya lava, na mimi nikapiga magoti bila kuambiwa, ngozi ikinisisimka, nikiwa na hakika kwamba Mungu ameingia uani kwetu na kwamba nikigeuka nitamwona. Sikuthubutu kugeuka.

Barabara ilipofunguka, Papa alirudi, na Mama Bahati akaenda kwa ndugu zake upande wa Rutshuru, mtoto akitembea kwa miguu yake mbele yake, akitaka kushika kila kitu.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha imani ya mama yangu, na sijaacha kuistaajabia. Lakini nilipozaa mwanangu wa kwanza, na muuguzi nisiyemfahamu akanyoosha mikono ampokee, nikajikuta nimembana kifuani, siwezi kumwachia. Ndipo nilipomwelewa yule mama mwingine. Mama alijua kilichokuwa ndani ya sufuria. Mama Bahati hakujua. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyembakia, na mbele yake alikuwa na uso wa msichana anayelamba midomo, na ishara ya msalaba ambayo hata waliowaua watu wake waliijua. Hakuwa na kingine cha kumwonyesha kama uji ule ni uhai au ni kifo.

Siku hizi mtu akitaja imani, ninauona mkono wa Mama Bahati, mwembamba, unachukua kijiko.