Ramani Isiyoonyesha Wakwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Ramani alinikabidhi kalamu ya wino, rula na wembe. "Kalamu ni ya kuchora," alisema, "na wembe ni wa kufuta. Utautumia wembe zaidi." Alikuwa sahihi. Wakati ule tulichora juu ya karatasi angavu, na wino ukishakauka kosa huondolewa kwa kukwangua taratibu bila kutoboa. Nilikwangua mpaka wenzangu wa meza ya jirani wakadhani ninamenya viazi.

Baadaye nilipelekwa Izimbya kupima njia za vijijini chini ya Mpima Mwandamizi, mtu asiyeamini kipimo chochote kabla hajakirudia yeye mwenyewe. Nikimpelekea urefu wa njia ya mlimani, hunitazama viatu kwanza. "Umepima ukishuka," husema. "Sasa panda, tuone kama utaniletea jibu lilelile." Kutoka hapo nilihamishiwa Muleba kwa miaka mingi, kisha, katika umri ambao wanawake wenzangu walikuwa wanarudi vijijini kuangalia migomba yao, nikaenda kusomea shahada ya uzamili.

Tasnifu yangu ilihusu njia fupi kuliko zote kati ya nodi mbili. Nodi ni mahali njia zinapokutana, yaani njiapanda, kwa lugha ya watu wasiodaiwa tasnifu. Wasimamizi waliirudisha mara nyingi kiasi kwamba nilipohitimu nilikuwa siwezi kuagiza chai bila kujiuliza kama nimezingatia mibadala yote. Katika hali hiyo ya kutikisika ndipo nikaajiriwa na shirika moja la kusambaza chanjo, lililokuwa na ofisi Kashai, mjini Bukoba. Ninawaandikia vijana mnaoingia katika kazi za ramani kuhusu jukumu la mwisho nililopewa pale, kwa sababu lilinifundisha zaidi ya wembe.

Meneja wa Usafirishaji aliniita ofisini kwake. "Madam, madereva wote sasa wana simu janja. Chagua programu moja ya kuonyesha njia, tuiweke kwenye simu zote."

"Nitahitaji kuandaa vigezo," nikasema.

"Kigezo ni kufika."

"Kufika kwa maana ipi?"

"Kwa maana ya kwamba mtu hayuko tena njiani."

Aliyenieleza uzito wa jambo alikuwa Mratibu wa Chanjo. Kliniki ya Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba, ilikuwa imeanza kupokea chanjo zetu siku moja kila wiki. Chanjo husafirishwa katika boksi lenye vifuko vya barafu, na kila chupa ina alama inayobadilika rangi ikipata joto. Alama ikibadilika, chupa hutupwa. "Gari likichelewa, akina mama wanarudi nyumbani na watoto wao bila sindano," alisema Mratibu. "Nitavumilia mara mbili. Ya tatu, naiondoa Kimwani kwenye ratiba, na mama atakayetaka chanjo atambeba mwanawe mpaka Muleba mjini."

Niliteua programu tatu, nikaziita Kwanza, Pili na Tatu ili nisizipendelee kwa majina yao. Hapa niwasahihishe vijana wengi: simu haihitaji bando ili kujua ilipo. Hupokea ishara kutoka setilaiti kadhaa, ikalinganisha muda ambao kila ishara imetumia kufika, ikapata mahali ilipo. Kinachohitaji bando ni ramani yenyewe. Kwanza ilivuta ramani kutoka mtandaoni kadiri gari linavyokwenda, kwa hiyo ilikuwa nzuri mno mjini. Tatu ilitegemea taarifa za madereva wengine, ikikuonya kuhusu foleni, ingawa foleni pekee tuliyowahi kukutana nayo ilikuwa ya ng'ombe, na ng'ombe hawatoi taarifa. Pili ilihifadhi ramani yote ndani ya simu na kukuruhusu kuchora njia yako kwa kidole. Sura yake ilikuwa mbaya, kwa hiyo niliiweka mwisho.

Nilipangiwa kwenda na Ta Kaijage, "Ta" ikiwa ni "Mzee" kwa Kihaya, dereva mwangalifu, mtu mzima, asiyepiga honi ovyo. Safari ya kwanza tuliitumia Kwanza. Tuliacha lami vizuri. Tulipofika kwenye njiapanda yenye duka la mabati, sauti ya kike ndani ya simu ikasema, "Geuka kulia." Ta Kaijage akakata kushoto. Sauti ikasema, "Inahesabu upya njia," na ikaendelea kuhesabu mpaka mtandao ukakatika. Tulizunguka bondeni kupitia matope, tukanasa, tukasukumwa na watu waliokuwa wanatoka shambani. Tulipofika Kimwani, Mganga Mfawidhi, mama mpole anayeongoza kliniki ile, alizitazama chupa, kisha akawatazama akina mama waliokuwa kwenye mabenchi. Alama zilikuwa zimebadilika rangi. Waliinuka mmoja mmoja, wakafunga watoto mgongoni.

Nilihitimisha kwamba kosa ni la mtandao.

Safari ya pili tuliitumia Tatu. Kwenye duka la mabati, "Geuka kulia," na Ta Kaijage akakata kushoto. Matope yaleyale, kunasa kulekule, na watu walewale wa kusukuma, ambao sasa walitusalimia kama jamaa. Mabenchi ya Kimwani yakabaki matupu kwa mara ya pili. Usiku huo nilitafakari. Pengine majani ya migomba, yakiwa na maji ya mvua, yalizuia ishara. Pengine mawimbi ya setilaiti yaligonga uso wa ziwa yakarudi na habari za uongo. Pengine sauti ile ilichelewa kusema. Nilifikiria kila sababu iliyomo angani na ardhini, isipokuwa kumuuliza aliyeshika usukani.

Safari ya tatu, ya mwisho, tuliitumia Pili. Tulipolikaribia duka la mabati nilimwona Ta Kaijage akijikunyata kwenye kiti kama mtu anayetazamia kupigwa.

"Baada ya mita mia mbili, geuka kulia," ikasema simu.

"Ta Kaijage, umesikia?"

"Nimesikia, Madam."

"Mbona unawasha indiketa ya kushoto?"

"Inajiwasha."

"Simamisha gari."

Akasimamisha. Alikuwa anatazama vidole vyake vilivyojaa grisi ya tairi tuliyobadilisha kule Kemondo. "Madam, kulia kuna mkwe."

"Mkwe gani?"

"Mama wa mke wangu, Ma Kokugonza. Njia inapita uani kwake, mbele ya mlango kabisa, pale anapoanika kahawa. Nitatokeaje mbele ya mkwe bila taarifa, mikono mitupu, na ovaroli hii?"

"Hutatokea. Utapita tu."

"Kupita bila kusimama!" Alishtuka kweli. "Huo si ndio utovu wa heshima wenyewe? Nikisimama nimekosa adabu, nikipita nimekosa adabu zaidi. Bora matope."

Nilichukua simu, nikafungua sehemu ya mipangilio. Kulikuwa na kitufe cha kuepuka vivuko, kitufe cha kuepuka barabara za vumbi, na kitufe cha kuepuka barabara za kulipia, ambazo Kagera hatuna. Wakwe hawakuwemo. Nilijaribu kufikiria jinsi ambavyo wangeweza kuwemo, na nilikwisha kufika kwenye suala la iwapo shangazi wa mke naye ahesabiwe, Ta Kaijage alipokohoa.

"Madam, barafu."

Ndipo nikaamua jambo bila kuandaa vigezo, kwa mara ya kwanza tangu nihitimu. "Mimi nitatangulia kwa miguu. Nitamsalimia, nitamwomba anionyeshe migomba yake ya nyuma ya nyumba. Ukisikia nacheka kwa sauti, pita."

"Utachekea nini?"

"Hilo niachie mimi."

Ma Kokugonza alikuwa uani, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha bluu, akigeuza kahawa kwenye mkeka. Nilimsalimia kwa Kihaya, kwa kirefu, afya yake, mifugo, mvua. Alinipa kahawa za kutafuna. Nikaomba kuiona migomba. Alinipeleka nyuma ya nyumba bila kuuliza, nami nikacheka mbele ya mkungu wa ndizi uliokuwa hauna kosa lolote. Tukasikia gari likiunguruma, likipita uani polepole, kwa heshima zote ambazo injini inaweza kuwa nazo. Likapotelea mbali.

"Amepita?" akauliza Ma Kokugonza.

Nilimeza kahawa nzima. "Nani, mama?"

"Mkwe wangu. Si lile gari lake?" Alishusha pumzi. "Afadhali. Wiki zote hizi, siku ya kliniki, naogopa kutoka nje. Nasema leo atapita, atanikuta nimevaa nguo za shamba, mkono una tope. Kahawa yangu inaoza ndani. Nasikia gari linafika dukani, linasita, linakwenda bondeni. Nikadhani nimemkosea."

"Yeye anakuogopa wewe."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema kwa fahari, kisha akaongeza, "lakini si mpaka kuoza kahawa."

Hapo nikagundua kwamba simu yangu, simu ya ofisi, ramani na mkoba vyote viko ndani ya gari.

"Na wewe, mwanangu, kazi yako ni nini?" akaniuliza.

"Ninachagua kitu cha kuonyesha watu njia."

"Na sasa uko wapi?"

"Sijui, mama."

Alinionea huruma, akaniletea ndizi kwa maharage. Nilikula nikihesabu moyoni vifuko vya barafu. Hatimaye simu yake ndogo ya vitufe ikalia. Alikuwa binti yake, mke wa Ta Kaijage, kwa sababu Ta Kaijage hawezi kumpigia mkwe moja kwa moja. Ma Kokugonza alisikiliza, akanigeukia.

"Anasema mume wake anasema chanjo imefika ikiwa baridi. Mabenchi yamejaa, watoto wanalia mpaka simu haisikiki."

Nilikaa chini kwenye mkeka, juu ya kahawa.

"Anasema pia," aliendelea, "hawezi kuja kukuchukua hapa. Utembee hadi dukani."

Alinisindikiza, akiwa amebeba mkungu aliotaka upelekwe kwa binti yake. Tulipokaribia duka alisimama nyuma ya migomba ya mwisho na kunikabidhi mzigo. "Mimi naishia hapa. Msalimie. Mwambie sikumwona."

Kwenye ripoti nilipendekeza Pili, kwa sababu ramani imo ndani ya simu na njia unaichora mwenyewe. Nikaongeza kwamba kwa Kimwani itumike pamoja na kubipu: gari likiacha lami, dereva ambipu mkewe, mke ambipu mama yake, na mama aende nyuma ya nyumba.

Meneja wa Usafirishaji alisoma mara mbili. "Hii Kubipu ni programu mpya?"

"Ya zamani kidogo. Haihitaji bando."

"Basi iwekwe kwenye simu zote."

Nimestaafu sasa, ninaishi Kashai, na Kimwani bado imo kwenye ratiba. Vijana wa bodaboda na maofisa wapya huniletea simu zao wakiuliza programu ipi ni bora. Ninawaeleza kuhusu setilaiti, ramani za kupakuliwa na betri, kwa mpangilio, kama ninavyopenda. Nikimaliza ninawauliza ni nani anayeishi njiani ambaye hawataki awaone. Wanacheka. Kisha wanatazama skrini, wanasogeza ramani kwa kidole, na karibu wote wanaomba niwaonyeshe jinsi ya kuchora njia nyingine.